Mtoto Akiupenda Mchezo wa Kuimba

Mwaka 1994, nikiwa na miaka tisa, jirani yetu wa Morogoro alikuwa na deki na mikanda minne. Mitatu ilikuwa ya karate. Wa nne ulikuwa Sarafina. Kila Jumamosi mchana tulijazana sebuleni kwake, watoto zaidi ya kumi juu ya mkeka, tukautazama mpaka picha ikaanza kuweka mistari na sauti ikawa inakwama palepale, katikati ya wimbo. Tukirudi nyumbani tulivaa sare za shule zilizokwisha kufuliwa kwa ajili ya Jumatatu, tukatoka uani kucheza. Maneno ya Kizulu tuliyaimba kama masikio yalivyoyapokea. Mimi nilikuwa Sarafina kwa sababu nilijua nyimbo zote, na binamu yangu alikuwa askari kwa sababu ndiye aliyekuwa na buti.

Sasa nafundisha Kiswahili sekondari na nina watoto wawili. Karibu kila ninachokiweza mbele za watu kilianzia pale uani: kuvuta pumzi kabla ya kusema, kukariri kwa mahadhi, kumngoja mwenzangu amalize sehemu yake, kukosea na kuendelea bila kukimbia. Sikuwa mwimbaji wala mwigizaji wa kulipwa. Hata hivyo nikiingia darasa la wanafunzi 70 saa nane mchana, jua kali na wote wamechoka, nasimama kama nilivyojifunza kusimama kwenye vumbi lile.

Naandika kwa ajili ya mzazi au mwalimu mwenye mtoto aliyenaswa na mchezo wa namna hiyo. Huenda ni Sarafina, huenda ni The Lion King, ambao uko jukwaani tangu 1997 na majina yake Simba na Rafiki yametoka kwetu, huenda ni igizo la kwaya ya kanisani. Mtoto anaimba wimbo uleule asubuhi hadi usiku, wiki ya tatu sasa. Wazazi wengine huchoka wakamnyamazisha. Wengine hufurahi kupita kiasi, wakaanza kumtafutia mashindano na kumpigisha picha. Nimeona njia zote mbili zikilizima pendo lile kabla halijazaa kitu. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usimwache mtoto awe mtazamaji tu. Mpe kazi ndani ya mchezo.

Ujue mchezo wenyewe

Huwezi kumwongoza mtoto kwenye kitu usichokijua, kwa hiyo anza wewe. Sarafina tuliyoiona sisi ilikuwa filamu ya mwaka 1992, lakini kabla ya filamu ulikuwa mchezo wa jukwaani. Aliyeutunga ni Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, na katika muziki alishirikiana na mpiga tarumbeta Hugh Masekela. Ulionyeshwa kwanza Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Januari 1988 ukaingia Broadway, New York, ukachezwa huko mara 597. Msichana aliyekuwa Sarafina jukwaani, Leleti Khumalo, ndiye huyohuyo wa kwenye filamu. Na Miriam Makeba, ambaye wengi wetu tulimjua kwa kuimba Malaika, kwenye filamu ni mama yake Sarafina.

Hadithi yake ni ya wanafunzi wa Soweto wanaoandaa onyesho la shule kuhusu siku Nelson Mandela atakapotoka kifungoni. Sarafina, msichana, ndiye anayemwigiza Mandela. Wakati vijana wale wanauchezea Johannesburg, Mandela mwenyewe alikuwa bado gerezani. Hakutoka mpaka tarehe 11 Februari 1990. Walikuwa wakiigiza jambo ambalo halijatokea, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia litatokea lini. Mwambie mtoto wako hilo moja tu, kisha umwangalie usoni.

Itazame filamu peke yako kabla ya kumwonyesha. Mna askari anayeuawa na wanafunzi wenye hasira, na mna watoto wanaoteswa mahabusu. Sisi hatukuwa na mtu mzima wa kutuambia kitu, na binamu yangu mdogo alikaa siku nyingi akiogopa kulala peke yake. Mimi simwonyeshi mtoto wa chini ya miaka 12. Aliye mdogo zaidi namsikilizisha nyimbo, naye anapata furaha yake yote bila zile picha.

Akifikia umri, tazameni mara mbili. Mara ya kwanza mwache atazame mpaka mwisho, usiseme neno. Mara ya pili, siku nyingine, simamisha kila wimbo unapoanza na umuulize: kwa nini anaimba sasa, asiseme tu? Wimbo ukiisha, uliza swali la pili: ni kitu gani kimebadilika ambacho hakikuwa hivyo kabla ya wimbo? Hayo mawili yanatosha. Mtoto akishazoea kuyajibu, ameanza kuelewa jinsi mchezo wa kuimba unavyojengwa, maana wimbo mzuri wa jukwaani huisha hadithi ikiwa imesogea. Kuna msichana wa kidato cha kwanza aliyenijibu kwamba Sarafina anaimba kwa sababu akisema ataanza kulia. Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo kutoka kwa mtu mzima.

Usimwambie ni mambo ya kigeni

Bibi yangu alikuwa Mluguru, na ngano zake karibu zote zilikuwa na wimbo ndani. Akifika mahali msichana amepotea porini, au ndege anakuja kumshtaki mama wa kambo, alinyamaza kidogo, akaimba, nasi tukaitikia. Tusipoitikia haendelei. Mtoto wa pwani ana hadithi za namna hiyo, na mtoto wa Kisumu au wa Bukoba pia. Mwandishi Penina Muhando, katika tamthilia yake Lina Ubani, aliuchukua utambaji huo wa hadithi akaupandisha jukwaani. Kwa hiyo mtoto wako anapoganda mbele ya mchezo wa kuimba, anakutana na kitu ambacho masikio yake yalikwisha kukijua.

Fanya jaribio dogo. Mpeleke kwa bibi, babu au shangazi anayejua ngano yenye wimbo. Aombe atambiwe, ajifunze wimbo, kisha aje kuwatambia ninyi baada ya chakula cha usiku, huku nyumba nzima ikiitikia. Hilo ndilo jukwaa lake la kwanza. Kama wazee wako mbali, simu itafaa, lakini mwache aandike maneno ya wimbo kwa mkono wake mwenyewe.

Lugha nayo ni mlango. Tulipokuwa watoto tuliimba Kizulu bila kujua kwamba mengi ya maneno yake ni ndugu wa maneno yetu. Umuntu ni mtu, abantu ni watu, inyama ni nyama, indlovu ni ndovu, inyoka ni nyoka, amanzi ni maji. Mchezo mwingine wa Ngema unaitwa Asinamali, yaani hatuna pesa. Msikilize mtoto atakavyolidaka lile neno mali lililojificha ndani. Mpe daftari aandike kila neno analolitambua. Wanangu walianza na maneno sita wakafika zaidi ya thelathini, na somo la nasaba ya lugha za Kibantu, ambalo hunitoa jasho darasani, kwao liliingia kwa kuimba.

Mazoezi ya uani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu wazima tunapoharibu zaidi.

Anza na kiitikio. Imba mstari mmoja, watoto waurudie, kisha mwingine, mpaka kiitikio kikae kichwani bila karatasi. Beti zitafuata. Usiuanzishe wimbo kwa sauti inayokufaa wewe, kwa sababu mtu mzima, hasa mwanamume, huanza chini mno kwa watoto, au akianza juu anafuata redio. Mwachie mtoto mwenye sauti ya kawaida, wala si yule bingwa, auanzishe yeye. Nendeni mpaka pale wimbo unapopanda zaidi. Mshipa wa shingo ukisimama au kidevu kikiinuka, shusheni mwanzo. Mtoto asilazimishwe kufika anapofika mwimbaji wa kwenye mkanda.

Kisha wimbo kwanza, miguu baadaye. Sarafina ina dansi nyingi, na mdundo wake ni wa mbaqanga, muziki wa mitaa ya Waafrika kule Kusini, ambao besi yake haikuachi utulie. Watoto watataka kuruka siku ya kwanza. Waimbe wakiwa wamekaa mpaka waujue. Halafu waimbe wakitembea. Halafu wakipiga makofi. Mwisho ndipo waongeze hatua za miguu, na kila hatua inayowafanya washindwe kumaliza mstari kwa pumzi moja, iondoeni. Jukwaani mtazamaji husamehe hatua iliyopunguzwa. Mstari uliokatika hausameheki.

Muda: kwa watoto wa chini ya miaka kumi, dakika 40 zinatosha, wakubwa saa moja na nusu pamoja na mapumziko. Maji ya kunywa yawepo. Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu mmoja alituimbisha uwanjani juani siku tatu mfululizo kwa ajili ya mahafali, akitaka tusikike mpaka barabarani. Siku yenyewe ilipofika sauti yangu ilikuwa imekauka kabisa, nikasimama mstari wa mbele nikifungua mdomo bila kutoa kitu. Nililia siku nzima. Tangu hapo nina sheria: atakayepiga kelele anapumzishwa. Sauti ikikwaruza, mtoto asiimbe mpaka ipone, na asigeukie kunong'ona, maana kunong'ona nako huchosha koo. Ikizidi wiki tatu, apelekwe hospitali.

Wavulana wa miaka 12 hadi 14 wana shida yao, sauti inavunjika katikati ya mstari na wenzao wanacheka. Wengi huacha kuimba hapo na hawarudi tena maisha yao yote. Usimwache aondoke. Mpe ngoma, mpe sehemu ya kusema, mpe mstari mfupi wa chini ambao hauvuki noti tatu au nne. Na uwaambie wenzake mapema, mbele yake, kwamba sauti inabadilika kama urefu unavyobadilika.

Katika kugawa sehemu, sikubali mtoto mmoja awe nyota mwanzo mpaka mwisho. Kila mtoto ninampa kazi mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Anayeigiza mwalimu katika onyesho la kwanza ndiye anayetunza maleba katika la pili. Yupo pia mtoto asiyetaka kuonekana; huyo awe mkumbushaji, ashike maandishi pembeni na amnong'oneze aliyesahau. Nimewaona wakumbushaji wawili wakiishia kujua mchezo mzima kuliko waigizaji, na mmoja akaingia jukwaani bila woga siku mwenzake alipougua malaria. Msichana akitaka kuwa askari au mfalme, awe. Sarafina mwenyewe alimwigiza Mandela.

Wazazi huniuliza kuhusu gharama. Mavazi makuu ya Sarafina ni sare ya shule, ambayo kila mtoto anayo. Pazia ni kanga mbili na kamba. Kabla ya Sarafina, mwaka 1981, Ngema, Percy Mtwa na Barney Simon walitengeneza Woza Albert. Humo waigizaji wawili, Ngema na Mtwa, wanakuwa watu wote wa Afrika Kusini. Wakitaka kuwa Mzungu wanavaa pua ya rangi ya waridi iliyofungwa kwa uzi, basi. Mchezo huo ulizunguka dunia. Chukua saa moja nzima ya mazoezi uwaambie watoto waonyeshe basi lililojaa abiria kwa kutumia viti vinne tu, wakiimba. Utashangaa watakavyopata kondakta, mama mwenye kuku na breki ya ghafla bila kununua chochote.

Kuhusu mahali, ua wa nyumba unafaa, darasa lililoondolewa madawati linafaa, chini ya mwembe panafaa zaidi kwa sababu ya kivuli. Wapange watazamaji nusu duara, wawe karibu, na mtu asilete spika kubwa. Kule Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji wenyewe walijenga jukwaa la wazi wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo uliojaa nyimbo walizozijua wao. Serikali iliupiga marufuku baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Jukwaa la kijijini lilionekana zito kiasi hicho.

Watunge wao

Baada ya kuimba nyimbo za wengine kwa majuma kadhaa, wasukume watunge. Kuna sababu ya kisheria: nyimbo za Sarafina zina wenyewe, na ukitaka kuzionyesha hadharani, hasa kwa kiingilio, unapaswa kupata ruhusa ya wenye haki; kwa Tanzania, pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Mtoto aliyetunga wimbo mmoja wake mwenyewe hatasikiliza tena wimbo wowote kama zamani.

Njia ninayotumia ni hii. Nawauliza watoto: ni jambo gani shuleni au mtaani mnalitamani na halijatokea? Wanataja mengi, wanachagua moja. Mwaka mmoja walichagua kisima, kwa sababu wasichana walikuwa wanachelewa kipindi cha kwanza wakitafuta maji. Kisha wanaigiza siku jambo hilo litakapotokea, kama wanafunzi wa Soweto walivyoigiza siku ya Mandela. Panahitajika nyimbo tatu: wa kwanza wa mtu mmoja anayetamani, wa pili wa kundi linalobishana naye, wa tatu wa siku yenyewe. Maneno yaandikwe kabla ya sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, na mistari iwe mifupi. Kwa sauti, waanze kwa kuyasema maneno polepole mara kumi. Kiswahili kina mapigo yake, na ukisema taratibu utasikia mahali neno linapopanda na kushuka lenyewe. Usiwasahihishie. Wimbo wenye kasoro walioutunga wao utawakaa kuliko ule uliounyoosha wewe.

Hili si wazo langu la kubuni. Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando wa Lina Ubani, pamoja na Amandina Lihamba, walianzisha TUSEME. Humo wasichana wa sekondari walichunguza matatizo yanayowakwaza masomoni, wakayageuza maigizo na nyimbo, wakayacheza mbele ya walimu na wazazi. Baadaye FAWE, shirika la wanawake Waafrika wanaoshughulikia elimu, iliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Msichana asiyeweza kumwambia mwalimu neno ana kwa ana aliweza kuliimba.

Mpeleke penye ukweli wake

Nilikuwa kidato cha pili baba aliponichukua kwenda Mazimbu, kilomita chache tu kutoka nyumbani, kumwona rafiki yake aliyefanya kazi kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Tulipomaliza alinipitisha makaburini. Nikaona majina ya Kizulu, Kixhosa na Kisotho kwenye mawe, na miaka ya watu waliokufa wakiwa vijana. Nikamuuliza hawa ni nani, na kwa nini wamezikwa Morogoro.

Ndipo nilipopata Sarafina kwa mara ya pili. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans, polisi wakawapiga risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo Hector Pieterson mwenye miaka 12. Vijana wengi wakaikimbia nchi. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC, chama cha Mandela, shamba la zamani la mkonge hapa Mazimbu, wakajenga shule. Wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Vijana wale walisoma, walilima na waliimba hapa mpaka ANC ilipoikabidhi Mazimbu kwa Tanzania mwaka 1992, miaka miwili tu kabla ya sisi kuketi kwenye ule mkeka wa jirani. Sisi tulikuwa tunaigiza maisha ya watu waliokuwa wakinunua nyanya soko moja na mama zetu.

Sikulala usiku ule. Wimbo niliokuwa nauimba kwa furaha tupu ulipata uzito, na haukupoteza furaha. Ninaamini siku ile ndiyo iliyonifanya mwalimu.

Kwa hiyo mtafutie mtoto mahali. Wa Morogoro ana Mazimbu. Wa Songea ana Makumbusho ya Vita vya Majimaji, na anaweza kusoma tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu vita hivyo, Kinjeketile, kabla ya kwenda. Wa Limuru aulize wazee wa Kamiriithu. Kama mchezo anaoupenda ni wa mbali kabisa, msaidie ajue ulitungwa lini, na nani, na watu wa huko walikuwa wanapitia nini. Nenda naye bila haraka na usimhutubie. Mwache aulize yeye.

Na akikua, mwambie hata yale yasiyopendeza. Mwaka 1995 Ngema alipewa na Wizara ya Afya ya Afrika Kusini mkataba wa randi zaidi ya milioni 14 kwa mchezo wa kuelimisha kuhusu UKIMWI, Sarafina II. Kukawa na uchunguzi, na mchezo ukasimamishwa. Ngema alifariki kwa ajali ya gari tarehe 27 Desemba 2023. Nilipozisoma habari za mkataba ule nikiwa mtu mzima niliumia, kwa sababu nilimpenda bila kumjua. Mchezo wa 1987 haukupungua thamani kwangu, ila nilijifunza kuutenganisha na mtu. Kijana wa miaka 16 anaweza kulipokea hilo, na ni afadhali alisikie kwako.

Akitaka kwenda mbele zaidi

Wachache watataka kuifanya sanaa kuwa kazi. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na tamasha lake la kila mwaka ni mahali pazuri pa kumpeleka kijana aone wenzake kabla hajaamua. Wengi hawatafika huko, na hakuna kilichopotea. Mwanafunzi wangu wa kisima sasa ni muuguzi. Aliniambia kwamba akiingia wodini hutulia kwanza mlangoni, avute pumzi, kama tulivyofanya nyuma ya kanga.

Na wewe mzazi mwenzangu, ambaye ulikuwa na mchezo wako utotoni ukauacha, urudie. Uimbe ukiosha vyombo. Mtoto akikusikia ukiimba kitu ulichokipenda ulipokuwa na umri wake, atakuuliza, na utakuwa umeanza bila mpango wowote.

Tarehe 16 Juni, kwa ajili ya wale watoto wa Soweto, ni Siku ya Mtoto wa Afrika tangu 1991. Kwetu mara nyingi huangukia likizo ya Juni, watoto wapo nyumbani na hawana la kufanya. Mwenyekiti wa mtaa hakunyimi kivuli cha mwembe kwa nusu saa. Anza mazoezi mwezi Aprili, kila Jumamosi, kiitikio kwanza.